Farasi wa Mongolia katika mchoro usio na vita

Mongolia ikitajwa, wengi humkumbuka Genghis Khan na askari wake wapanda farasi. Lakini katika mchoro "Sikukuu ya Airag" wa Balduugiin Sharav (1869–1939), hakuna vita wala shujaa. Kuna uwanda wa majani na vilima, kana kwamba mtazamaji yuko juu ya mlima, na humo watu wadogo wadogo wengi wako kwenye shughuli zao na farasi. Sharav aliuchora mwanzoni mwa karne ya 20. Jina lake la utani lilikuwa Marzan, yaani mcheshi, na ukisogea karibu utaona kwa nini: baadhi ya wageni wamekunywa kupita kiasi.

Airag ni maziwa ya farasi yaliyochachushwa, na kuyapata kuna kazi. Watoto wa farasi hufungwa kwenye kamba ndefu iliyotandazwa ardhini, ili mama zao wasiende mbali. Mtoto huachwa anyonye kidogo. Maziwa yakianza kushuka, huvutwa kando na mama hukamuliwa. Wafugaji wa ng'ombe Afrika Mashariki wanaijua mbinu hiyo kwa ndama. Ila farasi hutoa maziwa kidogo kila mara, hivyo hukamuliwa mara kadhaa kwa siku. Maziwa humiminwa kwenye kiriba kikubwa cha ngozi ya ng'ombe na kusukwa kwa mti mara maelfu. Mwaka 2019 UNESCO iliutambua ufundi huo kuwa urithi wa utamaduni.

Mongolia ina watu takribani milioni 3.5, na farasi zaidi ya milioni 4. Kwa kawaida wafugaji hawampi farasi jina kama la mtu. Humwita kwa rangi yake, na Kimongolia kina maneno mengi ajabu ya rangi za farasi.

Hatari kubwa ni dzud, baridi kali ambapo theluji au barafu hufunika malisho. Farasi hufukua theluji kwa kwato, na kondoo hula nyuma yake. Barafu ikiwa ngumu, hata yeye hushindwa. Katika baridi ya 2023 hadi 2024 ilikufa mifugo zaidi ya milioni 7. Familia iliyopoteza farasi hukosa usafiri, na majira ya joto yakifika kiriba chake hubaki kitupu.