Lipia Chumba Kabla ya Treni Kufika, Lakini Soma Jina Kwanza

Ukitoka Mombasa na treni ya SGR ya saa tisa alasiri, unashuka Syokimau usiku, na bado hujafika katikati ya Nairobi. Ndiyo maana wengi hulipia chumba mapema, hoteli iliyo karibu na stesheni. Matapeli wanalijua hilo: picha safi, bei poa, kisha "tuma nusu kwa hii namba, vyumba vinaisha."

Kabla ya kutuma:

- Tafuta mwenyewe namba ya mapokezi, upige. Usitegemee ile uliyotumiwa.
- Omba Till au Paybill. Hoteli kubwa ikikupa namba ya mtu binafsi, shuku.
- Soma jina linalotokea kabla malipo hayajakamilika. Kama si la hoteli, katisha.
- Uliza kama utarudishiwa pesa ukikosa treni.
- Usifute ujumbe wa malipo. Mapokezi wakisema hawaoni pesa, waonyeshe kodi ya muamala.

Ushatuma na sasa una shaka? Tupigie papo hapo. Pesa ikishatolewa, kuirudisha ni kazi ngumu. Na PIN yako hatutawahi kukuuliza.