KINOLEWACHO HUPATA

Katika vijiji vya delta ya Rufiji, kutoka Nyamisati hata Mbwera, hapana nyumba iwezayo kupitisha siku bila ya kisu. Mpunga huvunwa kwa mkono, samaki hupasuliwa, nazi na makuti vyote hungoja chuma. Lakini ni jambo la kusikitisha kwamba visu vingi vya nyumbani mwetu havipati. Mtu hukikandamiza kisu butu kwa nguvu, kikateleza, kikamkata kidole. Na safari ya kwenda kufungwa jeraha ni ya mtumbwi, nao mtumbwi hungoja maji yajae.

Nchi ya delta ni tope na mchanga ulioletwa na mto, na jiwe gumu la kuokota ni adimu. Kwa sababu hiyo wako wanaosubiri mpaka wafike Kibiti kwa mwenye cherehe. Hatuidharau kazi yake. Lakini cherehe ikiendeshwa kwa haraka pasipo maji, hukichoma chuma mpaka kikageuka rangi ya buluu. Chuma hicho kimekwisha poteza ugumu wake, na makali yake hayadumu.

Sisi twaamini kuwa dawa ni kinoo, tena cha bei nafuu. Mwaka 1891, huko Marekani, Edward Acheson alitengeneza kwa tanuri ya umeme unga mgumu mno, na kwa unga huo viwanda vikaanza kufanya vinoo kwa wingi. Kile chenye nyuso mbili, mmoja wa chenga na mwingine laini, chatosha kabisa kwa nyumba.

Kazi yenyewe yataka uvumilivu kuliko nguvu. Kinoo kilowekwe maji, kikalishwe juu ya kitambaa ili kisisogee. Kisu chenye upana wa sentimita 3, mgongo wake uinuliwe kiasi cha sentimita 1, na mwinuko huo usibadilike tangu shina la kisu mpaka ncha. Hapa ndipo wengi tunapokosea: mkono hupanda na kushuka, makali yakawa mviringo. Noa upande mmoja mpaka kidole, kikipitishwa kwa hadhari kutoka mgongoni kuelekea nje, kisikie ukwaruzo mwembamba upande wa pili. Ndipo ugeuze. Umalizie kwa uso laini, kwa mkono mwepesi, mpaka ukwaruzo utoweke. Kisu kikipasua ganda la nyanya bila ya kukandamizwa, kazi imekwisha.

Kinoo kikibonyea katikati kisitupwe. Kisuguliwe kwa mchanga na maji juu ya sakafu ya saruji, kitanyooka tena.

Basi twawasihi wazee wenye mkono uliozoea wasife na ujuzi huu. Wawafundishe vijana, wa kiume na wa kike pia, maana msichana ndiye ashikaye kisu asubuhi na jioni, naye huachwa amngoje mwingine amnolee. Siku moja ya mafunzo yatosha kumwanzisha. Mazoezi yatamaliza yaliyobaki.