Mgonjwa wa Moyo Naye Anahitaji Kutembea

Mgonjwa wa moyo anaporuhusiwa kutoka hospitalini, jambo la kwanza ambalo familia nyingi hufanya ni kumpumzisha. Hatumwi dukani, haendi shambani, na akiinuka kufuata maji ya kuoga huambiwa aketi. Nia huwa njema. Hata hivyo, mapumziko yaliyozidi kipimo humdhoofisha mgonjwa yule yule anayehurumiwa.

Madaktari nao walifanya hivyo zamani. Hadi miaka ya 1940, aliyepata shambulio la moyo alilazwa kitandani kwa wiki kadhaa. Damu iliganda miguuni, misuli ikanywea, na mgonjwa akainuka akiwa dhaifu zaidi. Mwaka 1952 madaktari Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston, Marekani, walichapisha taarifa ya wagonjwa waliokalishwa kitini mapema badala ya kulazwa muda wote. Leo mazoezi yenye kipimo ni sehemu ya tiba, na huitwa huduma za utengamao.

Faida yake haiko moyoni pekee. Misuli ya miguu inayozoezwa huweza kuchukua oksijeni nyingi zaidi katika kiasi kile kile cha damu. Hivyo mlima uliomfanya mgonjwa asimame mara tatu huanza kuutaka moyo kazi ndogo kuliko awali, ingawa mlima ni ule ule.

Kabla ya kuanza, mgonjwa hupimwa. Kipimo kimojawapo ni kutembea dakika 6 mahali tambarare na kupimwa umbali aliofika. Wengi huanza kwa kutembea dakika 5 hadi 10 kwa siku, wakiongeza kidogo kidogo hadi kufikia dakika 30, siku tano kwa wiki. Dakika za mwanzo na za mwisho ziwe za mwendo wa pole. Anayesimama ghafla, damu hubaki miguuni na huweza kupata kizunguzungu.

Wapo wanaopenda kuhesabu mapigo ya moyo. Kwa anayetumia dawa kama atenolol, bisoprolol au carvedilol, hesabu hiyo hudanganya, kwa kuwa dawa hizo huzuia mapigo kupanda. Kipimo bora ni mazungumzo: anayetembea aweze kusema sentensi nzima bila kukatika. Maneno yakikatika, apunguze mwendo. Akiweza kuimba, anaweza kuongeza kidogo.

Ndoo ya maji ni suala jingine. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na anayeinyanyua huku amebana pumzi hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla. Aliyepasuliwa kifua asinyanyue ndoo wala kutwanga hadi daktari atakapomruhusu, kwani mfupa wa kifua huweza kuchukua hadi wiki 12 kuunga. Hapa ndipo msaada wa ndugu na majirani unapohitajika, kuliko katika kumzuia asitembee hadi msikitini au kanisani.

Wako ambao hawapaswi kuanza kabla ya kutibiwa: wenye maumivu ya kifua hata wakiwa wamepumzika, wasioweza kupumua vizuri wakilala, ambao shinikizo lao la damu halijadhibitiwa, na wenye valvu iliyobana sana, hali ambayo mara nyingi hutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Aliyekwisha kuanza naye asimame mara moja akihisi kifua kubana, kizunguzungu au mapigo kwenda ovyo. Maumivu yasipopoa kwa kupumzika, apelekwe hospitalini bila kungoja kupambazuke. Miguu ikivimba, au uzito ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, arudi kliniki.

Hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako atachunguzwa na kupewa rufaa ikihitajika. Waliotibiwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, au hospitali nyingine ya rufaa waende na karatasi zao za kuruhusiwa pamoja na dawa wanazotumia. Ni vyema pia kuvaa viatu vinavyokaa vizuri mguuni, kwani huenda mgonjwa akaombwa kutembea siku hiyo hiyo.