Baridi ya Murusagamba na Miguu ya Marathoni

Mwezi wa Julai, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Murusagamba bado ni usiku. Majogoo wameshawika na umande umelowesha migomba, lakini nyota zingali juu na barabara inatafutwa kwa tochi. Mgeni kutoka Dar es Salaam hudhani saa yake imeharibika. Haijaharibika. Wilaya ya Ngara, ilipo Murusagamba, iko ukingoni mwa magharibi ya nchi, inapakana na Burundi na Rwanda, ila inafuata saa ileile ya Pwani. Dunia huchukua dakika nne kuzunguka nyuzi moja ya longitudo, na kati ya Dar es Salaam na hapa kuna karibu nyuzi tisa. Kwa hiyo jua la Julai, ambalo Dar es Salaam huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu, huku hulioni mpaka saa moja ipite.

Anayejiandaa kwa marathoni, kilomita 42.195, aishukuru nusu saa hiyo ya ziada. Ni muda ambao hewa bado baridi na pikipiki hazijatimua vumbi. Nimekimbia kwenye joto la Pwani, nimekimbia pia huku kipupwe kikiwa kimekolea, na nikiulizwa nichague, sisiti. Wengi huichukulia raha ya mbio za alfajiri kuwa ni hisia tu. Ina sababu zake mwilini, na anayezijua huitumia vizuri zaidi.

Baridi yenyewe inatoka wapi, wakati mchana wa Julai jua linawaka? Inatoka kwenye anga tupu. Usiku ardhi hupoteza joto lake kuelekea juu. Masika, mawingu hulizuia joto hilo kama blanketi. Kuanzia Juni hadi Agosti blanketi halipo, na joto la mchana kutwa linakwenda zake kabla ya alfajiri. Ongeza kwamba milima mingi ya Ngara imeinuka zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na utaelewa kwa nini mtu anatoka nyumbani na sweta katika nchi iliyo karibu kabisa na ikweta.

Sasa tuingie mwilini. Misuli inapofanya kazi, nguvu inayotoka kwenye chakula haiendi yote miguuni. Takriban robo tu ndiyo inayomsukuma mkimbiaji mbele. Robo tatu zinageuka joto, na joto hilo lazima litoke. Damu hulibeba hadi kwenye ngozi, jasho likikauka linaondoka nalo. Kwenye joto, basi, moyo unadaiwa na wawili kwa wakati mmoja: misuli inataka oksijeni, ngozi inataka damu ya kupozea. Ndiyo maana kasi ileile iliyokuwa nyepesi asubuhi inakuwa mzigo saa nane mchana. Kwenye nyuzi 13 au 14, hewa yenyewe inaipoza ngozi, damu inabaki kwa misuli, na mapigo ya moyo yanatulia.

Ule wepesi unaokujia ukishavuka kilomita ya tatu, pale mabega yanaposhuka yenyewe na hatua zinapoanza kujipanga bila kuzifikiria, ndio huo. Na hapa ndipo penye neno langu kuu: raha hiyo ni kipimo. Mazoezi mengi ya marathoni yanatakiwa yawe ya mwendo wa taratibu, kwa sababu huo ndio unaojenga moyo, mishipa midogo ya damu na uwezo wa kuchoma mafuta ya mwili. Huku kwenye vilima saa ya mkononi haisemi kweli. Dakika sita kwa kilomita ukiwa unateremka na dakika sita ukiwa unapanda ni kazi mbili tofauti kabisa. Sikiliza raha. Ukikutana na mama anayekwenda shambani na jembe begani, ukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akakuuliza habari za nyumbani nawe ukamjibu sentensi nzima bila kutweta, uko kwenye mwendo wako. Raha ikikatika na pumzi ikawa ya kugombania, umezidisha. Punguza, hata kama mlima unakulazimu kutembea.

Kilomita mbili za mwanzo zisikuvunje moyo. Joto la ndani ya mwili hufikia chini kabisa usiku wa manane kuelekea alfajiri, na misuli baridi hujikunja na kujikunjua polepole. Ukakamavu huo wa goti na kifundo si ugonjwa wala uzee. Anza kwa kutembea, kisha kimbia polepole, na usivue sweta mpaka jasho la kwanza lijitokeze.

Kuna jambo jingine ambalo mkimbiaji wa Murusagamba hulijua kwa ngozi yake kabla ya kuelezwa. Unaposhuka bondeni, baridi inazidi. Ukipanda kilimani, inapungua. Shuleni tulifundishwa kinyume chake, kwamba juu ndiko kwenye baridi. Yote mawili ni kweli. Katika usiku mtulivu usio na mawingu, hewa iliyopoa inakuwa nzito, inateleza kwenye miteremko kama maji na kutuama mabondeni. Ukungu mweupe unaouona asubuhi ukiwa umelala chini, na vilele vikichomoza juu yake, ni alama ya dimbwi hilo la hewa baridi.

Dimbwi hilo lina hatari moja, nami naitilia mkazo. Hewa baridi ikiwa chini na yenye joto kidogo ikiwa juu yake, moshi haupandi. Moshi wa mafigani, na wa nyasi zinazochomwa wakati wa kiangazi, unabaki bondeni kwenye kimo cha pua. Mtu anayekimbia huvuta hewa nyingi mara kadhaa kuliko aliyekaa, na chembe za moshi huingia naye ndani kabisa ya mapafu. Chagua njia ya mgongo wa mlima, na upite bondeni kabla mioto ya chai haijawashwa. Mwenye pumu awe na dawa yake mfukoni, kwa kuwa hewa kavu ya baridi inaweza kubana njia za pumzi hata pasipo moshi. Kwenye giza, kimbia upande wa kulia wa barabara ili uzione pikipiki zikija.

Habari ya tumbo ni fupi. Usiku ini hutumia akiba yake ya sukari, lakini ya misuli hubaki. Mbio za taratibu zisizofika saa moja unaweza kuzikimbia kabla ya kula. Siku ya mbio ndefu, kula kwanza ndizi mbivu moja au mbili, na unywe maji hata kama hujasikia kiu, maana baridi huificha kiu.

Anayedhani halijoto ni jambo dogo atazame mbio za Watanzania wenzetu. Desemba 2022, kwenye ubaridi wa Valencia, Gabriel Geay alikimbia marathoni kwa saa 2:03:00. Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya dunia Tokyo, kwenye joto na unyevu mwingi, kwa saa 2:09:48, na aliyemfuata alikuwa na muda huohuo. Mbio za ubingwa hazina wa kuongoza kasi, hivyo tofauti yote hatuwezi kuitwika joto. Sehemu yake kubwa, kwa maoni yangu, ni ya joto. Juma Ikangaa naye aliishinda New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, mwezi wa Novemba, majira ya ubaridi kule. Na vipaji haviko mbali nasi: ng'ambo ya mpaka wetu, Francine Niyonsaba, mzaliwa wa Ruyigi mashariki mwa Burundi, alipata fedha ya Olimpiki ya mita 800 mwaka 2016. Milima peke yake haizai bingwa. Bingwa anataka kocha, chakula na miaka. Lakini mwinuko, barabara ya udongo isiyoumiza goti na alfajiri ya baridi, ambavyo wakimbiaji wa Ulaya hupanda ndege kuvifuata Iten nchini Kenya na Arusha, Murusagamba inavyo.

Ombi langu ni kwa walimu wa michezo wa shule za huku. Maandalizi ya mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, yamezoeleka kufanywa alasiri, jua likiwa bado kali na watoto wakiwa wamechoka na masomo. Wale wa mbio ndefu wapeni walau asubuhi moja kwa wiki, Jumamosi, mara tu kukishapambazuka vya kutosha kuonana nyuso, na wakirudi wakute uji wa moto.