Mbwa wako na mbuzi wa jirani

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze habari za mbwa. Najua wapo watakaosema mtangazaji leo kakosa la kusema. Lakini muulize mama aliyeamka asubuhi akamkuta mbuzi wake, aliyemtegemea kwa sare na madaftari ya watoto, amelala ukingoni mwa shamba, koo limechanwa. Atakueleza kama jambo hili ni dogo.

Nilipokuwa darasa la tano, kijijini kwetu upande wa Soni, mbwa wetu Simba aliua kondoo wa jirani. Baba akalipa mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na Simba akauawa kwa marungu. Nililia siku nzima, nikimwona Simba kama msaliti. Leo najua kuwa kosa lilikuwa letu.

Sisi watoto ndio tuliomfundisha. Mahindi yalipokomaa tulilinda ngedere na nguruwe mwitu. Kila kilichokimbia tulipiga kelele, "Kamata!" Simba akirudi anahema, tunamsifu. Mbwa aliyezoeshwa kwamba kila kikimbiacho ni cha kukimbizwa, atajuaje kwamba kondoo wa jirani hayumo katika hesabu hiyo?

Huku Lushoto hatari ni kubwa zaidi kwa sababu ya ufugaji wetu. Ardhi ni finyu na milima ni mikali. Tangu miaka ya 1980 mradi wa SECAP ulituhimiza kufuga bandani na kupanda majani ya guatemala kwenye kontua. Ng'ombe wengi wamo bandani, na mbuzi na kondoo mara nyingi hufungwa kamba. Mbuzi wa kamba akimwona mbwa hana pa kwenda. Huzunguka, hulia, hujinyonga. Kwa mbwa, huo ni mwaliko.

Tena wengi hudhani mbwa huuma mifugo kwa njaa. Mara nyingi sivyo. Mbwa mwenye miezi sita hadi mwaka na nusu huanza kwa mchezo wa kukimbizana. Mchezo ukikolea, meno hufuata. Wakiwa wawili au watatu, kila mmoja humtia mwenzake wazimu. Ndiyo maana hata mbwa aliyeshiba huua kondoo watatu na asile hata mmoja.

Dawa yake ni mapema. Samaki mkunje angali mbichi. Kwa mbwa, ubichi huo ni kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi tangu kuzaliwa. Anachokizoea wakati huo huwa kwake ni jamaa. Wenzetu walilijua hili zamani. Mwaka 1833 Charles Darwin alikuta wafugaji wa nchi iitwayo leo Uruguay wakiwatenga watoto wa mbwa na mama yao, wakiwanyonyesha kwa kondoo na kuwalaza zizini. Na huko Namibia, tangu mwaka 1994, shirika la kuhifadhi duma huwapa wafugaji mbwa waliokuzwa pamoja na mbuzi ili wawalinde.

Sisi hatuhitaji mbwa wa kuchunga kundi. Tunahitaji mbwa mtulivu, na wala hahitaji kuingia ndani ya nyumba. Fanya hivi. Kila siku mpeleke mtoto wa mbwa karibu na banda, akiwa na kamba shingoni. Akimtazama mbuzi kwa utulivu, au akigeuka unapomwita, mpe kipande cha ugali au dagaa. Akianza kuruka na kubweka, rudi naye nyuma mpaka atulie, kisha anza upya. Mbuzi mkubwa akimpiga kichwa kidogo si vibaya, ila asimuumize. Usimwache peke yake na wana-mbuzi mpaka awe mtu mzima. Shambani, mwite arudi kabla hajavuka mpaka, na mtuze akirudi. Usiku akilinda, mchana afungwe. Na kondo la nyuma au kichwa cha mnyama usimtupie kibichi. Huko ndiko vimelea, ikiwamo minyoo ya tegu, hupita kati ya mbwa na mifugo.

Fimbo je? Mbwa akipigwa saa moja baada ya kosa hajui kosa ni lipi. Hujifunza kukuogopa wewe, na mbuzi anabaki palepale.

Kwa mbwa aliyekwisha kuua, sitakudanganya. Tabia hiyo haiondoki kirahisi. Mfunge, au mhamishie pasipo na mifugo.

Jambo la mwisho. Mbwa aliyekuwa mpole akianza ghafla kuuma ovyo, shuku kichaa cha mbwa. Mwarifu afisa mifugo. Mtu aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Chanjo ya mbwa huanza akiwa na miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka.

Ndugu msikilizaji, Simba hakuzaliwa mwuaji. Alijifunza uani kwetu, na mwalimu alikuwa mimi. Ukimwona mtoto wa mbwa leo hapo nyumbani, jiulize anasomeshwa na nani. Hadi juma lijalo, kwaherini.