Hollywood: Tatizo Si Kamera

Jamani, juzi tulibishana sana jikoni hapa hosteli. Mwenzetu mmoja amekopa hela atengeneze filamu, na anaamini kinachomkwamisha ni kamera. Mimi nasomea uhandisi wa maji, nikamwambia: hapana bwana, ni bomba.

Studio kubwa za Marekani, kina Paramount na Warner Bros., zamani zilitengeneza filamu, zikazisambaza, na majumba ya sinema yakawa yao pia. Mwenye jumba lake binafsi akitaka filamu moja yenye nyota, alibebeshwa na makapi kadhaa, mengine hata hayajatengenezwa! Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ikazibana, zikalazimika kuachana na majumba. Masharti hayo yalifutwa 2020.

Lakini usambazaji hawakuunyang'anywa, na utamu wote uko hapo. Filamu inaweza kutengenezwa na kampuni nyingine kabisa, studio ikaleta matangazo na njia ya kuifikisha kwenye maelfu ya majumba, kisha ikakata chake. Disney ilipoinunua Fox mwaka 2019, studio kubwa sita zikabaki tano.

Basi nimemsihi mwenzetu, kabla hajakopa tena kwa ajili ya lenzi, atafute kwanza wa kumsambazia. Mpaka leo kaninunia.