Kitabu Hakirudi Kitupu

Mgeni wetu alikaa Unguja wiki tatu, na siku ya kuaga, chai ikiwa bado mezani, akaniuliza kwa upole kabisa kwa nini watu wa hapa hawasomi. Alisema ametazama. Ndani ya boti ya kutoka Dar es Salaam hakuona aliyeshika kitabu. Forodhani jioni hakuona. Barazani kwa wazee wanywa kahawa hakuona. Maduka ya vitabu aliyahesabu, na vidole vya mkono mmoja vikambakia. Kisha akanitolea msemo aliofundishwa na mwenyeji wake, kwa Kiswahili kizuri tu, kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke kitabuni.

Mgeni nilimsamehe palepale. Kilichoniuma ni msemo, kwa sababu tunausema sisi wenyewe. Tunausema semina, tunausema redioni, mwalimu anaurusha darasani kuwatia watoto haya, na kila ukisemwa watu hutikisa vichwa kukubali. Wanakubali watu wa pwani hii, ambao kitabu kwa Kiswahili chao cha zamani kiliitwa chuo.

Wazee waliita kitabu chuo, vikiwa vingi ni vyuo, na mahali watoto walipokaa kusomeshwa wakapaita chuoni, yaani penye kitabu. Aliyebobea katika elimu akaitwa mwanachuoni. Leo neno limehamia kwenye majengo, tuna chuo kikuu na chuo cha ualimu, na kitabu kimebaki na jina lake la Kiarabu. Lakini neno lile linatuambia jinsi mambo yalivyokuwa: penye kitabu pana watu. Mgeni alikuwa akimtafuta mtu mmoja aliyejitenga, kimya, kainamia kurasa zake. Msomaji wa namna hiyo hata kwetu yupo, na Mungu amzidishie. Ila sisi tulisoma kwa mdomo na kwa sikio, wengi kwa kitabu kimoja, na hayo hayaonekani na mtu anayehesabu vitabu vilivyofunuliwa ndani ya boti.

Chukua swali lenyewe, "Unasoma nini?" Kwa mwanafunzi wa darsa, jibu la swali hilo halijapata kuwa jina la kitabu peke yake. "Nasoma Safina." Hapo ataulizwa, "Kwa nani?" Atamtaja sheikh wake. "Umefika wapi?" Atasema yuko kwenye twahara, au amevuka, yuko kwenye sala. Kitabu husomwa mbele ya mtu, mstari baada ya mstari, na wenzako wamekaa hapo wanasikia unapokosea. Huwezi kusema umekisoma kwa sababu umekinunua ukakipitia chumbani. Na ukikimaliza, umehitimu, neno ambalo leo tunalivalia majoho, nalo asili yake ni kukhitimisha kitabu, na kwa mtoto wa chuoni kitabu hicho ni Qur'ani.

Au chukua hitima. Akifa mtu, msahafu huletwa umekwisha kugawanywa, juzuu 30, kila moja na jalada lake jembamba. Zinagawiwa mkono kwa mkono msikitini au ukumbini. Huyu kapata ya 3, yule ya 17, kila mmoja anasoma yake kwa sauti ya chini, na nyumba nzima inavuma. Mwepesi wa kusoma akimaliza yake humsogelea mzee anayesomea kidole na kumwuliza kwa heshima, "Nikusaidie, baba?" Msahafu mzima husomwa hivyo kwa muda usiofika saa moja, bila hata mmoja wao kuusoma wote peke yake, na thawabu yake anaombewa marehemu mmoja. Mimi nimekaa katika hitima nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Sijui namna nyingine ya watu kugawana kitabu iliyo nzuri kuliko hiyo.

Maulidi siyaelezi. Yameelezwa na wengi, na msomaji wa Barzanji anavyompokeza mwenzake kipande kinachofuata kila mtu amekiona.

Ninachotaka kukieleza ni baraza la mama mkubwa, kwa sababu hilo halijaandikwa popote na wengi waliokaa pale wametangulia.

Nyumba yetu ilikuwa Ng'ambo, na baada ya sala ya alasiri wanawake wa mtaani walikusanyika barazani kusuka ukili. Mama mkubwa alisoma Qur'ani vizuri, na barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu alizisoma na kuziandika. Herufi za Kizungu hakuzijua. Kwa hesabu ya serikali, mwanamke yule aliyekuwa na sanduku la tenzi alizozinakili kwa mkono wake hakujua kusoma. Nikaitwa mimi, mtoto wa skuli, kuwa macho yake. Kitabu cha kwanza nilichowasomea wanawake wale ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammad Said Abdulla, mtu wa hapahapa Unguja. Hadithi hiyo ilishinda mashindano ya uandishi ya miaka ya 1957 na 1958, na mwaka 1960 ikatoka kitabu. Ndani yake mna Bwana Msa, mpelelezi asiye na sare wala bastola, mwenye kiko na akili, na rafiki yake Najum.

Nikisoma, mikono yao haikusimama. Ukili ulizidi kurefuka. Lakini midomo ilisimama pale Bwana Msa anapouliza swali, kisha ikafunguka yote kwa pamoja. Jirani mmoja alimshika mtu mmoja tangu siku ya pili, kwa jinsi anavyojibu, na hakumwachia. Mwingine alimtetea mtu huyohuyo kama mwanawe. Niliamrishwa kurudi nyuma ukurasa mzima kwa sababu palikuwa na neno limewapita. Ilituchukua zaidi ya mwezi kukimaliza kitabu ambacho leo naweza kukisoma kwa siku mbili. Mwezi ule wote, kisimani, msibani na kwenye foleni ya sukari, wanawake wa mtaa wetu wakikutana waliulizana walipofika. Aliyekosa siku mbili alikuja kwetu kabla ya magharibi kuomba ahadithiwe.

Kitabu kilipomalizika hakikurudi kabatini. Kilikwenda mtaa wa pili, kisha wa tatu, na kilikwenda kwa utaratibu ambao hakuna aliyetukalisha akatufundisha. Tuliuchukua kwenye sahani. Jirani akikuletea futari au kipande cha mkate wa kumimina, sahani yake huirudishi tupu. Utaweka tende, utaweka ndizi, na kama huna kitu utaweka hata sukari kidogo. Kitabu nacho hakikurudi kitupu. Aliyeazima, siku ya kurudisha, hakusimama mlangoni. Alivua viatu, akakaa, na mwenye kitabu akamwuliza, "Haya, kimekuambia nini?" Hapo ndipo alipolipa. Alihadithia alipocheka, alipokasirika, mtu gani kamkumbusha nani mtaani (hilo kwa sauti ya chini), na jambo gani hakulielewa. Kama palikuwa na mtu mwingine hajakisoma, atasema, "Nionjeshe," na kuonjeshwa kulikuwa na mpaka wake. Unamchukua mpaka pale pumzi inapokatika, unamwachia hapo. Wa kumtaja muuaji wa hadithi ya Bwana Msa mbele ya mtu asiyekisoma alipewa jina la mmwaga uji, na ilipita miezi kabla ya kuazimwa tena.

Kitabu chenyewe kilivalishwa karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita. Hakikunjwi pembe, kinawekwa uzi wa ukili. Kilichoazimwa hakiazimishwi bila kumwarifu mwenyewe. Nakumbuka utaratibu huu ulivyokazwa baada ya mwaka 1977, mpaka na Kenya ulipofungwa na vitabu vya Nairobi vikawa vya kusikia. Siri ya Sifuri, kitabu kingine cha Bwana Msa, kiliufikia mtaa wetu kimekwisha kupita mikono ambayo hatukuijua, na kwenye kurasa za mwanzo pameandikwa majina kwa kalamu tofauti. Kuna mtu ameandika chini ya jina lake kwamba amekisoma usiku mmoja kwa kibatari. Mwenye duka angesema ameuza nakala moja.

Nasikia wanaosema huo ulikuwa umaskini tu, kwamba tungekuwa na vitabu vya kutosha kila mtu angekuwa na chake. Kwa nini basi desturi hii ilikuwepo kabla ya vitabu vya kuchapwa, na kwa watu waliokuwa na uwezo? Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, hakuwa maskini. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia utenzi binti yake Mwana Hashima. Uliandikiwa msichana mmoja na mama yake anayeagana naye. Lakini wanawake waliunakili, kila mmoja kutoka kwa mwenzake, na waliousikia wakausema kwa moyo, mpaka ukafika nyumba ambazo Mwana Kupona hakuzijua. Mama mkubwa alikuwa na nakala yake sandukuni. Hakuipata dukani. Aliazimwa siku saba, na siku saba hizo akakaa akaandika.

Nami nina changu cha kusema katika kupotea kwa haya. Nilisomesha miaka 28, na katika miaka hiyo yote niliwaambia watoto wasome kimyakimya. Ndivyo nilivyofundishwa kufundisha. Mtoto anayesogeza midomo nilimgonga mezani kidogo. Wawili wakinong'onezana juu ya hadithi niliwatenganisha. Kuzungumzia kitabu kukawa maswali ya mtihani, taja wahusika, eleza dhamira, na kitabu kikishafanyiwa mtihani kikatupwa. Niliyakata mwenyewe, kwa moyo safi, mazungumzo ambayo mama mkubwa aliyalisha mwezi mzima kwa kitabu kimoja, na sikujua ninakata nini.

Siku hizi watu wanaoneshana majalada. Mwaka 2022 kilipotoka Peponi, yaani Paradise cha Abdulrazak Gurnah kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis, mpwa wangu aliyeko Muscat alinitumia picha ya nakala yake, imelazwa vizuri pembeni ya kikombe cha kahawa, na chini ameandika kwamba ndicho anachokisoma. Nilifurahi hata machozi yakanilenga. Mtoto wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, kitabu chake kimerudi kwa lugha ya nyumbani, na mwanangu anakisoma ng'ambo ya bahari. Nikampigia simu usiku uleule. "Kimekuambia nini, baba?" Akanyamaza, akasema, "Bado sijakianza, shangazi." Miezi imepita. Watu wengi waliipenda picha ile, na sijamsikia hata mmoja aliyemwuliza amefika wapi.

Simlaumu peke yake. Jalada ni mlango, na yeye ameufungua. Lakini zamani mtu akikuambia anasoma kitabu fulani alikuwa amekualika, na wewe ulikuwa na haki ya kuingia, kuuliza, kubisha, kuonjeshwa. Ukimwambia mtu unasoma nini halafu usimhadithie, umemwonesha sahani kwa dirishani.

Kile Mzimu wa Watu wa Kale cha mama mkubwa ninacho mimi. Jalada lilikwisha zamani, nimekivalisha kalenda. Mwezi uliopita kaja binti wa jirani, yuko kidato cha pili, kuniazima. Wiki mbili baadaye alikirudisha. Alisimama mlangoni, kanipa kwa mikono miwili, "Ahsante, bibi," akageuka aondoke.

Nikamwita. Nikamwambia avue viatu akae.

Alikaa ukingoni mwa mkeka kama mtu aliyeitwa kuulizwa kosa. Nikamwuliza kimemwambia nini. Akaanza kunitajia wahusika mmoja mmoja, wakuu na wadogo, kama nilivyowafundisha wenziwe miaka 28. Nikamzuia. Nikamwambia hapana, mwanangu, nataka kujua ulimshuku nani. Akanitazama. Akacheka kidogo, akafunika mdomo kwa mtandio, kisha akasogea katikati ya mkeka akaanza upya. Mdogo wake alikuja kumwita nyumbani, naye akakaa. Alipofika pabaya binti akasimama, akamtazama mdogo wake, na kabla sijasema neno akamwambia, "Hapa sikuambii, utasoma mwenyewe."

Adhana ya isha ilitukuta bado tunabishana juu ya Najum.